Jieleze kwa ubeti mmoja

Anza na nathari, yaani maandishi ya kawaida. Kwa dakika 10 andika sifa zako tatu, mojawapo ile unayoificha. Hiyo ya siri ndiyo yenye shairi, igeuze iwe mshororo (mstari wa shairi) wa mizani, yaani silabi, 16, nane kila upande: “Nina aibu ya watu, ila kalamu hunena.” Vina vyako, yaani silabi za mwisho za kila upande, sasa ni -tu na -na. Mishororo miwili inayofuata ivishike, wa nne uwe kibwagizo, mstari wa kufungia ubeti.

Hesabu kwa makofi: “mtu” ni mizani 2 (m-tu), “mbuzi” pia 2 (mbu-zi). Wengi huteleza hapo. Usitangulize vina, utajikuta umejiita shujaa kwa kuwa neno limekaa vizuri tu.

Kisha mpe mtu msiyefanana tabia ajibu kwa vina vilevile. Asikusahihishe, ajieleze yeye.