Lacha na sungura wa usiku: aanze lini? (soma kabla hujaniuliza)

Jamani naandika mara moja yaishe, maana kila baridi ikianza ni swali lilelile, "nimepata kalacha kana miezi sita, naweza kutoka nako na taa?" Hapana. Sasa sababu.

Kwa wageni: lacha ni chotara, mbwa wa mbio (grehaundi, wipeti, seluki) kachanganywa na mbwa wa kazi kama koli au teria wa Bedlington. Mbio za huku, akili za kule. Na kutoka na taa ni kumulika sungura shambani usiku kwa tochi kali, mbwa amkimbize amkamate. Na ninaongelea England tu. Sheria ya 2004, iliyoanza kazi Februari 2005, ilikataza kuwinda wanyama pori kwa mbwa ila ikawaacha sungura wa mashimo na panya, tena kama mwenye shamba karuhusu. Yule mkubwa wa masikio yenye ncha nyeusi, anayelala juu ya ardhi, wanamwita hea, huyo HARUHUSIWI. Ukimuona kwenye mwanga zima taa, mshike mbwa. Scotland wana sheria yao mpya ya 2023 na huko sungura naye analindwa, kwa hiyo usivuke mpaka na somo langu.

1. Miezi 2 mpaka 6: jina lake, kuja akiitwa, kupanda gari. Chipu ya utambulisho, ile ya chini ya ngozi, ni lazima kisheria.

2. Kuleta kitu mkononi. Anza na soksi iliyokunjwa, baadaye ngozi kavu ya sungura. Dakika chache tu, achia angali anataka. Usimkimbize akikataa, atadhani mnacheza.

3. Kondoo. Mpitishe katikati yao na kamba mpaka awachoke. Mbwa anayesumbua mifugo mkulima anaweza kumpiga risasi na sheria ya 1971 ikamtetea.

4. Miezi 8 au 9, mchana, na feriti (kanyama kembamba kama nguchiro kanakoingia shimoni kuwafukuza sungura watoke) na nyavu kwenye mashimo. Hapo anajifunza harufu, anajifunza kusimama kimya.

5. Kuruka: vizuizi vya chini tu kabla ya mwaka. Mifupa bado inakua kwenye viungo, ukimrusha geti refu akiwa mdogo utamlipa daktari maisha yake yote.

6. TAA. Wenye damu ya wipeti au Bedlington ni baada ya miezi 12. Wakubwa, wale wa seluki na dirhaundi, subiri 15 hata 18. Lakini umri peke yake hautoshi, kama haji akiitwa, haleti mkononi, au bado anawatolea macho kondoo, hata awe na miaka miwili hajafika. Na hapa ndipo mbwa wazuri wanaharibika, kwa hiyo soma taratibu. Usiku wa mwanzo usimwachie kabisa, tembea naye kwenye kamba aone mwanga, aone sungura wakikimbia, atulie. Ukija kumwachia mchagulie sungura rahisi, aliyejilaza bapa, mbali na ua na mbali na shimo. Mmoja, wawili, nyumbani. Usishawishike kwa sababu shamba limejaa! Mbwa mchanga akikosa, akikosa tena, akikosa tena, anajifunza mambo mawili: kukata tamaa njiani, au kubweka huku anakimbia, na huyo wa kubweka hatibiki, kila sungura wa jirani atakuwa shimoni kabla hujafika. Mwanga ubaki kwa sungura, usimpige mbwa machoni. Sungura akikaribia ua zima, maana mbwa haoni kitu kingine zaidi ya sungura na waya wa miba hauoni kabisa, nimeona kifua kimepasuka toka shingoni hadi begani kwa sababu mwenye taa alitaka "amalizie". Akishika, shusha mwanga miguuni kwako arudi kwa kuufuata. Na shamba lilelile UPITE MCHANA kwanza, ujue waya uko wapi, mashine zimeegeshwa wapi.

7. Ruhusa, iwe ya maandishi. Kuna sheria ya ujangili wa usiku ya tangu 1828 na bado inafunga watu. Wengine hupiga 101 kuwaarifu polisi kabla ya kutoka, ni busara, hasa sisi weusi na tochi gizani kwenye shamba la mtu.

MASWALI

Mdau wa Leicester: Kaka sijasoma yote ila wangu ana miezi 5 ana mbio hatari, jumamosi natoka naye. Ushauri?

– Soma yote.

Mdau wa Leicester: Mbona mkali, mshkaji wangu alianza na wa miezi 7 na anakamata.

– Sawa, anakamata. Muulize akifika miaka mitatu. Mbio kila mtoto anazo.

Mdau wa Reading: Shikamoo. Kwa nini wanasema usiku wa mbalamwezi haufai? Mi nilidhani mtaona vizuri.

– Marahaba, swali zuri hilo. Kwenye mbalamwezi nao wanakuona vizuri, wewe na mbwa, na wanakula karibu na mashimo. Tafuta giza, upepo, hata manyunyu kidogo. Upepo unafunika miguu yako, ukitembea ukiupokea usoni harufu yako inabaki nyuma. Msimu ni kama Oktoba mpaka Februari, majani yakiwa mafupi. Masika wana watoto, waache.

Mdau wa Kitui: Huku tunao wengi, nifuate hatua hizihizi?

– Usifuate. Kenya uwindaji umekatazwa tangu 1977.

Mdau wa Birmingham: Samahani ustadh, nyama aliyokamata mbwa inaliwa?

– Mi si ustadh, muulize shehe wako. Ninavyojua Al-Maida aya ya 4 imeruhusu alichokushikia mnyama aliyefundishwa, ukitaja jina la Mwenyezi Mungu, kwa hiyo bismillah unaisema unapomwachia. Na awe amekushikia wewe, sio anajilia. Akikuletea mzima, unachinja. Ndo maana nahimiza hatua ya 2, mbwa wa mdomo laini anakuletea sungura anapumua na nyama haijapondwa. Kuosha alipoing'ata, hilo ndo la shehe.

Mdau wa Reading: Na wale wenye macho yamevimba?

– Hiyo ni miksomatosi, iko Uingereza tangu 1953. Mbwa haimpati, lakini nyama ile mi sili. Muue haraka asiteseke, na mbwa usimpe sifa kwa huyo maana hata mtoto angemkamata.

Mdau wa Birmingham: Utumbo nimpe mbwa?

– Usimpe mbichi, minyoo ya tegu inapita humo. Na asile sana kabla ya kukimbia, tumbo linaweza kujipinda. Chakula akishapoa, maji kidogo kidogo, halafu mkague vidole vyote na tochi kabla hajapanda gari, mwiba wa leo kesho ni usaha.