Gampesti ya nyumbani na maua ya asumini, kwa wapambaji wa pwani

Maelekezo mengi ya gampesti, yaani donge la sukari la kuundia maua ya kupamba keki, yameandikwa na watu wa nchi za baridi na hewa kavu. Ukiyafuata kama yalivyo hapa Dar, Tanga au Mombasa, hasa masika, maua hayakauki, na mtu anaanza kuamini kwamba hana mkono wa kazi hii. Mkono anao. Tatizo ni hewa: sukari huvuta unyevu, na pwani unyevu haulali. Nitaeleza ninavyofanya mimi, na ua letu litakuwa asumini, kwa kuwa halihitaji vikatio vya kununua na karibu kila mmoja wetu ameshawahi kulishika kwenye kikuba.

Kwanza tusichanganye gampesti na fondanti. Fondanti hufunika keki na hubaki laini. Gampesti ina CMC nyingi, ule unga mweupe wa gundi inayolika, nao ndio unaoiwezesha kusukumwa nyembamba mpaka mwanga upite, kisha ikauke kama kigae.

Mahitaji: ute wa yai 1 kubwa (kama gramu 30), sukari ya aisingi gramu 225, CMC vijiko vya chai 3 vilivyosawazishwa, na mafuta meupe ya mgando kijiko cha chai 1. Donge hilo linatoa maua madogo zaidi ya 100.

Hatua ya 1. Chekecha sukari mara mbili kwa chekecheo la matundu madogo kabisa. Punje moja tu inatosha kuchana petali, ndiyo maana sukari ya kusaga nyumbani kwa blenda siipendi kwa kazi hii. Weka pembeni kiganja kimoja cha hiyo sukari. Piga ute sekunde 10 uvunjike tu, kisha ongeza sukari iliyobaki kidogo kidogo na uendelee kupiga kama dakika 2, mpaka mchanganyiko uwe mzito na ukinyanyua mwiko uache kilele kinachoinama. Punguza mwendo wa mashine, nyunyiza CMC huku inazunguka. Ukiimwaga yote pamoja itafanya vidonge visivyoyeyuka. Mchanganyiko utakaza hapohapo mbele ya macho yako.

Hatua ya 2. Uweke juu ya ile sukari uliyoitenga, jipake mafuta mikononi, ukande mpaka usinate. Funga kwa nailoni mbili bila kuacha hewa, tia kwenye kopo lenye mfuniko, weka kwenye friji kwa saa 24. Usiku huo usiuruke, tafadhali. CMC inahitaji muda wa kunywa maji. Donge la saa moja linavutika kama ubani wa kutafuna na halishiki umbo. Likishalala, likande tena na ulivute: linakatika kwa ghafla. Hapo liko tayari. Likipasuka kingo, ongeza mafuta kidogo sana. Likinata, ongeza CMC ya kubana kwa vidole viwili. Usilotumia leo liweke kwenye friza.

Kwa sababu ute ni mbichi, maua haya mimi nayahesabu kuwa pambo, si chakula. Kama unajua yataliwa, tumia ute wa unga uliopitishwa kwenye joto.

Hatua ya 3. Gundi: robo kijiko cha chai cha CMC kwenye vijiko vikubwa 2 vya maji ya uvuguvugu. Ikiachwa hadi asubuhi inakuwa nzito na angavu.

Hatua ya 4. Sasa ua. Chukua kipande kikubwa kama njegere, lililobaki lifunike. Kikande kipate joto la vidole, kisha kiviringishe kiwe tone refu, upande mmoja mnene, mwingine mwembamba, kwa kuwa asumini ina shingo. Chovya ncha ya kijiti cha mshikaki kwenye konfulawa, toboa upande mnene kama nusu sentimita. Kwa mkasi mdogo kata ukingo sehemu 5 zinazolingana, uzifungue kama nyota.

Hapa ndipo usiharakishe. Bana ncha ya kila sehemu ichongoke, ilaze juu ya kidole cha shahada, uibiringishie kijiti kutoka katikati kwenda nje mpaka uanze kuona wekundu wa kidole chako kupitia petali. Ukiuona wekundu huo, acha. Petali nene hubaki na sura ya unga, hata uzipake rangi gani.

Chukua waya namba 26, pinda ncha iwe ndoano ndogo, chovya kwenye gundi, pitisha kuanzia juu katikati ya ua mpaka ndoano izame. Viringisha shingo taratibu kwa vidole viwili ishike waya. Matumba ni rahisi zaidi: tone jembamba kwenye waya, bila kukata. Mimi hutengeneza matumba mawili kwa kila ua lililofunguka, maana shada la maua matupu halifanani na kitu kilichotoka mtini.

Hatua ya 5. Chomeka waya kwenye kipande cha boksi la povu, uache mbele ya feni au kwenye chumba chenye AC. Kiangazi saa 24 zinatosha. Masika hesabu 48. Usianike juani.

Na maua yaliyokauka yasiingie friji kamwe. Niliwahi kuyapachika juu ya keki usiku na kuiweka yote kwenye friji. Asubuhi yalikuwa mazima. Tulipoitoa kwenye joto, umande ukayashika, na hadi tunafika ukumbini petali zilikuwa zimelala shingoni moja baada ya nyingine, bibi harusi akiwa njiani. Sijasahau. Tangu siku ile maua yangu husafiri kwenye boksi lake la karatasi, na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu navibandika pembeni, vikiwa vimefungwa kwa kitambaa visiguse ua.

Yakikauka, pitisha rangi ya unga ya kijani hafifu kwenye shingo kwa brashi kavu. Petali ziache nyeupe.

Kupanga ni ukumbini, saa ya mwisho. Waya usichomwe moja kwa moja kwenye keki: kata mrija safi, uzibe ncha ya chini kwa gampesti ikauke, utumbukize mrija kwenye keki, maua yaingie humo. Hesabu mashada uliyoweka, mwandikie mteja idadi yake kwenye karatasi, naye ahakikishe yametoka yote kabla kisu hakijagusa keki.