Kampuni inauza simu na sabufa, je iingie kwenye TV? Jinsi ya kupima kabla hujamwaga hela

Kampuni imeuza simu, au sabufa, au pasi na blenda, jina limeshika, mawakala wanalipa kwa wakati, halafu siku moja kwenye kikao mkubwa anasema na sisi tutoe TV. Wote mezani wanakubali maana TV ni kitu cha heshima, inakaa sebuleni, kila mgeni akiingia anasoma jina. Sasa ukiambiwa wewe ndo uandae ripoti ya kusema tuingie au tukae pembeni, mimi ningeifanya hivi.

Kwanza futa kabisa swali la "tunaweza kutengeneza TV?" Mnaweza. Yeyote mwenye hela ya kontena anaweza. China kuna viwanda kazi yao ndo hiyo, unachagua inchi, unachagua fremu, unawatumia logo wanakubandikia mpaka kwenye rimoti na boksi, ndo maana ukizunguka Kariakoo unakutana na majina ya TV ambayo mwaka jana hayakuwepo na mwakani huyaoni tena. Nilikaa kaka yangu alipokuwa na duka pale, kuna siku fundi alifungua TV tatu za majina matatu tofauti akatuwekea bodi zake mezani, bodi ile ile, namba zile zile, tofauti stika tu. Kwahiyo ripoti ikisema tuna uwezo wa kutengeneza bado haijasema kitu. Andika juu ya ukurasa swali moja tu: TV ikishauzwa, hela inabaki kwa nani?

Anza na kioo

Kwenye TV karibu nusu ya gharama, mara nyingi zaidi ya nusu, ni kioo, yaani ile paneli yenyewe. Na kioo hutengenezi wewe. Kinatoka kwenye viwanda vya mabilioni ya dola vinavyochukua shiti kubwa la glasi halafu wanalikata kama fundi nguo anavyopanga vitambaa ili vipande visipotee. Viwanda hivi vinapangwa kwa vizazi kulingana na ukubwa wa shiti. Kiwanda cha kizazi cha 8.5 shiti lake ni mita 2.2 kwa 2.5, linatoa vipande 6 vya inchi 55 safi kabisa, lakini ukitaka inchi 65 unapata vitatu tu na mabaki mengi. Kiwanda cha kizazi cha 10.5 shiti ni karibu mita 3 kwa 3.4, hapo unakata inchi 65 nane. Ndo maana miaka ya karibuni inchi 65 zimeshuka bei kwa kasi, wala sio huruma ya mtu, ni mkasi tu. Kwahiyo kabla hujachagua inchi za kuanza nazo uliza kiwanda gani kinakata nini, usichague kwa kuangalia sebule yako.

Halafu angalia nani ameshika viwanda vyenyewe. Samsung iliacha kutengeneza paneli za LCD, zile za TV nyingi za kawaida, mwaka 2022, Sharp ikafunga kile kiwanda chake cha Sakai cha paneli za TV mwaka 2024, LG Display nao wakauza kiwanda chao cha LCD cha Guangzhou kwa kampuni ya paneli ya TCL. Sehemu kubwa ya vioo vya LCD duniani sasa iko mikononi mwa Wachina, BOE, TCL CSOT na HKC. Na huyo TCL anayekuuzia kioo anauza TV zake pia, rafu moja na wewe. Kaa na hilo vizuri, mpinzani wako ndo muuza unga na wewe ndo unataka kufungua mgahawa wa chapati.

Sasa bei. Kioo cha inchi 32 katikati ya 2020 kilikuwa kwenye dola 35 hivi, mwaka uliofuata kikapita dola 80, mwaka 2022 kikaanguka chini ya 30. Piga mfano: umeagiza TV elfu 10 wakati kioo ni dola 80, kiwanda kinafunga mzigo, meli, bandari, kutoa mzigo, miezi mitatu minne imepita, na huku kioo kimeshuka mpaka 50. Jirani yako aliyeagiza nyuma yako ana nafasi ya kushusha bei dola 30 kwa kila TV na bado anakula. Wewe ukimfuata umepoteza dola laki 3 kabla hujalipa hata kodi ya godauni. Kwenye simu hili lipo lakini sio kwa ukali huu, maana simu ina vitu vingi vidogo vidogo vya kugawana gharama, TV ni kioo na vitu vingine vimeshikilia kioo.

Ukidhani wakubwa wanapona hapo, muulize Sony. Walikuwa na ubia na Samsung wa kutengeneza paneli tangu 2004, mwisho wa 2011 wakakubali kuuza hisa zao kwa Samsung maana kioo cha kununua sokoni kilikuwa nafuu kuliko cha kiwanda chao wenyewe. Biashara yao ya TV ilikula hasara miaka 10 mfululizo, Sony! jina ambalo wazee wetu walikuwa wanalitaja kwa heshima, mpaka 2014 wakaitenga iwe kampuni peke yake, wakapunguza aina, wakajikita kwenye TV za bei ya juu, ndo faida ikarudi. Mkuu wako akisema "jina letu litatubeba" mpe hii.

Tafuta mfuko wa pili

Hapa ndo ripoti inapoamuliwa kwa kweli. TV mtu anakaa nayo miaka saba nane, hanunui kila mara kama simu, na faida ya kuuza TV yenyewe ni nyembamba kama karatasi. Waliobaki wengi wana mfuko wa pili, hela inayoingia baada ya TV kutoka dukani.

Vizio wa Marekani ndo mfano ninaoupenda. Walianza 2002, kiwanda hawana, wanaagizisha tu. Robo ya tatu ya 2021 faida yao ghafi ya kuuza vifaa ilikuwa dola milioni 25.6, faida ghafi ya matangazo na data milioni 57.3. Yaani TV ilikuwa ndoano tu. Desemba 2024 Walmart, mwenye maduka makubwa ya Marekani, akamaliza kuwanunua kwa dola bilioni 2.3 na sidhani kama shida yake ilikuwa kupata TV, TV anazo za kumwaga, alitaka ile skrini ya kuweka matangazo. Ila na wewe usijifanye mjanja sana, hao hao Vizio 2017 walilipa dola milioni 2.2 kumaliza kesi ya serikali kwa kukusanya taarifa za watu wanachoangalia kwenye TV milioni 11 bila kuwaambia.

Xiaomi, wauza simu wa China, nao hawategemei faida ya kifaa chenyewe. Walitoa TV ya kwanza 2013, inchi 47 kwa yuani 2,999, na mwaka 2018 bosi wao Lei Jun akatangaza hadharani kwamba faida halisi ya vifaa vyao haitazidi asilimia 5. Ukiwa na kampuni ya namna hiyo mtaani kwako halafu wewe umepanga kuishi kwa faida ya TV peke yake, sijui utaishije.

Huku kwetu mfuko wa matangazo bado mdogo, bando ni ghali na TV nyingi haziko kwenye intaneti muda wote. Kwahiyo ukiandika "tutaingiza hela ya matangazo kama Vizio" kwenye ripoti ya soko la Tanzania, futa. Mfuko wa huku mara nyingi ni mtandao uliokwisha kujengwa. Transsion, wenye Tecno, Infinix na itel, wana majina ya TV pia, lakini walianza wakiwa tayari na mawakala mpaka wilayani na sehemu za kutengenezea za Carlcare ambazo watu wanazijua. Kwao gari linaenda Mwanza likiwa na simu tayari, TV inadandia. Kama gari lako haliendi Mwanza, gharama hiyo ni yako yote.

Apple walivyojibu swali hili hili

Kaa na hii kidogo, ni kampuni yenye hela kuliko zote tulizotaja na bado ilikataa. Sio kwamba hawakujaribu, mwaka 1993 walitoa Macintosh TV, kompyuta nyeusi yenye TV ndani, inchi 14, iliuza kama elfu 10 hivi ikafa. 2007 wakaleta kile kiboksi cha Apple TV na bosi wao Steve Jobs mwenyewe akakiita hobi. 2010 akaeleza kwanini TV ni ngumu: Marekani kampuni ya kebo inampa mteja boksi bure au kwa kodi ndogo ya mwezi, sasa nani atatoa hela yake anunue boksi lako? Alisema tatizo ni njia ya kufika sokoni, teknolojia wala haikuwa kikwazo.

Ukitaka kulielewa hilo kwa lugha ya hapa, fikiria king'amuzi. Mteja anataka kuona Simba na Yanga, mechi za Ligi Kuu ziko Azam, basi atalipia Azam awe na chogo la mwaka 2004 au flati yako mpya yenye kioo cha ajabu. Mpira uko kwa mwenye haki za mpira. TV yako inakuwa dirisha tu la nyumba ya mtu mwingine.

Kabla hajafariki Oktoba 2011 Jobs alimwambia mwandishi wa maisha yake kwamba ameshapata ufumbuzi wa TV, na hapo wachambuzi wakachanganyikiwa, kila mwaka "TV ya Apple inakuja". Mei 2015 tajiri Carl Icahn akaandika barua kwamba inakuja 2016, ya inchi 55 na 65, na wiki hiyo hiyo gazeti la Wall Street Journal likaripoti kuwa Apple walishaachana na mpango huo zaidi ya mwaka uliopita. Walichofanya badala yake, 2019 wakaweka programu yao ya video ndani ya TV za Samsung na wengine, Novemba mwaka huo wakafungua Apple TV+. Vioo, meli, godauni na wateja wenye hasira wakawaachia Wakorea na Wachina, wao wanadai ada ya mwezi.

Kwahiyo kwenye ripoti yako usiandike ndiyo au hapana tu, kuna njia za katikati. Kiboksi au fimbo ya kuchomeka HDMI, mzigo wake elfu moja unaingia kwenye gari dogo. Programu ndani ya TV za wengine. Au kukodisha jina, kama Philips walivyofanya 2012 walipoiweka biashara ya TV kwenye ubia uliotawaliwa na TPV, kampuni inayotengeneza TV, wao wakawa wanalipwa kwa jina. Hii ya mwisho ni hatari kwa jina changa, TV ikiharibika mteja hamjui TPV, anakujua wewe. Na kama mnaona lazima mtoe TV, anzeni na inchi moja, mji mmoja, kontena chache, na muandike kabisa kwamba hasara ikifika kiasi fulani tunatoka. OnePlus, wauza simu, waliingia kwenye TV India 2019 na miaka mitano haikufika wakawa wameshaondoka kwenye TV, hawakufa, wanaendelea na simu.

Kitu cha mwisho, kabla hujachapa ripoti toka ofisini. Nenda kwa mafundi, Kariakoo au Luthuli kama uko Nairobi, kaa pale asubuhi nzima ununue chai. Uliza wanaletewa nini zaidi: kioo kilichopasuka sababu TV ilisafirishwa imelala badala ya kusimama, taa za nyuma ya kioo zilizokufa sababu mwanga umewekwa juu muda wote, bodi iliyoungua umeme uliporudi kwa nguvu. Mimi niliona inchi 55 mpya inashushwa kwenye Fuso ikiwa imelala chini ya magodoro na mtu amekaa juu yake, ikafunguliwa dukani mbele ya mteja, ufa kutoka kona mpaka kona, na aliyeiuza anasema waranti haihusu kioo. Andika idadi ya TV zilizolala pale kwa fundi na sababu ya kila moja, halafu mpigie wakala wako wa Mwanza umuulize kioo kikipasuka huko nani analipa, yeye au wewe. Jibu atakalokupa liweke ukurasa wa kwanza.