Wiki za mwisho za ujauzito ukiwa Uingereza

Kuanzia wiki ya 36 mkunga ataendelea kukupima presha na mkojo, na sasa ataanza pia kulishika tumbo kuangalia kama mtoto amegeuka kichwa chini. Akihisi ametanguliza matako, utapelekwa ultrasaundi, kisha daktari atazungumza nawe juu ya kumgeuza kwa mikono au kujifungua kwa upasuaji. Mtoto akiwa sawa, usishangae kutopigwa ultrasaundi tena. Kwa walio wengi ile ya wiki ya 20 ndiyo ya mwisho. Mimba ya kwanza utaonwa wiki ya 38, ya 40 na ya 41, na ukipita 41 utashauriwa kuanzishiwa uchungu.

Shoga yangu, kuliko yote naomba ushike hili: hifadhi namba ya simu ya wodi ya wazazi na uitumie. Inapokelewa saa 24. Sisi tumelelewa kuvumilia, tukaambiwa mwanamke hapigi kelele, na hapa hakuna mama wala shangazi wa kukutazama usoni na kusema twende hospitali. Mtoto akipunguza kucheza, piga saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Hakuna idadi maalumu ya mateke. Unachofuata ni mazoea ya mwanao mwenyewe. Maneno kwamba mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa si ya kweli. Usisubiri kwanza unywe kitu baridi umwamshe, na kile kipimo cha mapigo kinachouzwa mtandaoni kisikupe moyo. Utaitwa, utafungwa mikanda miwili tumboni, na mashine itachora mapigo ya moyo wa mtoto huku umekaa. Hali ikijirudia baada ya siku mbili, piga tena. Ripoti za kitaifa zimeonyesha kwamba wanawake weusi nchini humu hufa kwa sababu za uzazi zaidi ya mara mbili ya weupe, kwa hiyo ukiona husikilizwi, sema tena na umwombe mkunga mkuu. Kiingereza kikikupiga chenga, omba mkalimani. NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, inamlipia, na ni bora kuliko mumeo kutafsiri mambo ya damu na uke.

Piga pia ukiumwa sana kichwa, ukiona vimulimuli, ukipata maumivu chini ya mbavu, au uso na mikono vikivimba ghafla. Hizo zaweza kuwa dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Viganja na nyayo kuwasha sana, hasa usiku, huweza kuwa tatizo la ini. Chupa ikipasuka, vaa pedi uone rangi ya maji: yakiwa ya kijani au yana damu, ni kwenda mara moja. Damu ikitoka nyingi, piga 999, namba ya dharura.

Uchungu ukianza, huenda ukaambiwa ubaki nyumbani mpaka maumivu yaje kila dakika tano na kudumu kama dakika moja. Wengi wetu huona wamefukuzwa, lakini mwanzo wa uchungu wa kwanza huweza kuchukua siku nzima na zaidi, na nyumbani unaweza kuoga maji ya moto, kula na kutembea. Dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu, hata kama zimetumwa na bibi mwenyewe, tafadhali usinywe. Zinaweza kukaza kizazi kupita kiasi na mtoto akakosa hewa. Kama umeshakunywa, mwambie mkunga.

Mumeo ataruhusiwa kuingia nawe chumbani, basi mzungumze mapema kama unamtaka yeye au dada yako. Ganzi ya mgongoni ni haki yako kuiomba.

Ukitaka mama aje kukuuguza siku arobaini, viza ya mgeni humruhusu miezi 6, na maombi hupokelewa miezi 3 kabla ya safari, si mapema zaidi. Usimtegemee kwa wiki ya kwanza. Ukijifungua salama unaweza kuruhusiwa siku ileile, kwa hiyo unga wa uji na pilipili manga viwe vimeshanunuliwa, na kiti cha mtoto kiwe garini. Mkunga atakufuata nyumbani. Kumsajili mtoto una siku 42, isipokuwa Scotland ambako ni 21. Cheti hicho hakimpi uraia. Mtoto huzaliwa Mwingereza iwapo mmoja wenu ni raia au ana ukaazi wa kudumu.