Somo: Kuirudisha kazini kompyuta iliyokataliwa na Windows 11

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kuanzia kizazi cha 8. Kompyuta nyingi za mtumba tunazotumia huku Moshi na Arusha hazifiki hapo. Usikubali kuambiwa mashine imekufa kabla hujajua prosesa yake.

Hatua ya 1: Ijue prosesa. Wengi hupotea hapa, kwa hiyo nenda taratibu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, kisha tafuta mstari wa System type. Nusu ya kwanza ya mstari huo inataja Windows uliyowekewa, nusu ya pili inataja prosesa yenyewe. Ukikuta "32-bit operating system, x64-based processor", mashine yako ni ya biti 64, ila fundi aliiwekea Windows ya biti 32. Inaniuma kuona mashine kama hizo zinauzwa kama vyuma chakavu. Ukikuta x86-based, hiyo ni ya biti 32 kweli.

Hatua ya 2: Chagua mfumo. Biti 64 yenye ramu ya GB 4: weka Linux Mint 22, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, toleo jepesi la Xfce, ambalo litahudumiwa hadi 2029. Biti 32: weka antiX 23, Linux nyepesi iliyojengwa juu ya Linux nyingine iitwayo Debian 12. Za biti 32 usichelewe, maana Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32.

Hatua ya 3: Nakili mafaili yako pembeni. Kisha andika mfumo kwenye flashi kwa Rufus, programu ya bure ya kazi hiyo.

Hatua ya 4: Washa kompyuta kupitia flashi na uijaribu bila kusakinisha. Cheza sauti, fungua intaneti, chapa ukurasa mmoja. Vyote vikikubali, sakinisha. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua SSD, diski ya kasi inayochukua nafasi ya hard disk.

Maswali ya wanachama

Fundi, nina steshenari Majengo. Printa yangu ni Epson LQ ya utepe, ile ya waya mpana. Itakubali?

Itakubali, dada. Linux bado inahudumia LPT, yaani tundu la huo waya mpana, na printa huonekana kama /dev/lp0. Ukiiongeza, chagua draiva ya Epson ya pini 24. Laptop isiyo na tundu hilo inahitaji waya wa kugeuza kwenda USB.

Habari za kazi, kaka. Nafundisha Ngaramtoni. Nimesikia Rufus inaweza kuilazimisha Windows 11 ikubali. Tuna Core 2 Duo kadhaa hapa shuleni.

Nzuri, mwalimu. Rufus inaruka ukaguzi wa TPM, lakini tangu toleo la 24H2 Windows inahitaji amri za prosesa ziitwazo SSE4.2 na POPCNT. Core 2 Duo haina, hivyo haitawaka kabisa. Hizo ni za biti 64. Ongeza ramu, weka Mint.

Nimeweka Mint, Wi-Fi haionekani. Kadi ni Broadcom.

Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwenye mipangilio ya simu, kisha fungua Driver Manager, programu ya draiva iliyomo ndani ya Mint, uchague draiva ya Broadcom. Bando dogo linatosha. Ikimaliza, zima kompyuta na uiwashe upya.