Kutabiri bei ya mahindi Kibaigwa kwa msimu mzima

Anayenunua mahindi Kibaigwa, soko la nafaka mkoani Dodoma, mwezi wa sita ili ayauze Februari, namba moja haimtoshi. Anataka kujua bei itaanza kupanda lini na kwa kasi gani. Basi chukua kila msimu kuwa mchirizo mmoja, yaani mstari uliopinda wa bei za wiki zote, utabiri mchirizo mzima kwa pamoja.

Anza na jedwali: kila msimu mstari wake, wiki 52, kuanzia Mei mavuno yanapoanza kuingia hadi mwisho wa Aprili. Ukikata Januari hadi Desemba, kila mchirizo unachanganya mavuno mawili. Andika bei kwa kilo, kwani lumbesa haina uzito mmoja. Wiki isiyo na bei iache wazi. Sifuri moja tu inaharibu msimu mzima. Ondoa mfumuko kwa fahirisi ya bei ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kisha chukua logarithimu asilia. Misimu 15 ni mwanzo mzuri.

Lainisha kila mchirizo kwa splaini, yaani mstari laini ulioungwa kwa vipande, yenye vifundo (sehemu vipande vinapokutana) 8 hadi 12. Vikizidi, utafuata kila mtikisiko wa soko. Vikipungua, mporomoko wa bei wakati wa mavuno unafutika, na huo ndio mnunuzi anaoutafuta.

Sasa tafuta mchirizo wa wastani, uutoe, uchambue kinachobaki kwa vijenzi vikuu, yaani maumbo machache yanayoeleza misimu inavyotofautiana na wastani. Viwili mara nyingi vinatosha: kimoja hubeba kimo cha msimu, kingine mwinuko wake. Kila msimu unabaki na alama mbili, yaani kiasi cha kila kijenzi katika msimu huo, nazo ndizo unazotabiri, kila moja peke yake, kwa ARIMA ndogo (modeli inayotabiri namba kutokana na zilizoitangulia) au ulainishaji wa kielelezo (wastani unaozipa alama za karibuni uzito zaidi). Njia hii waliieleza Hyndman na Ullah mwaka 2007 kwa viwango vya vifo na uzazi; kwenye programu ya R imo katika kifurushi cha ftsa.

Tuseme wiki ya 30, mwishoni mwa Novemba, wastani ni 6.55 kwa logarithimu. Kijenzi cha kwanza hapo ni 0.14 na alama iliyotabiriwa 0.9, cha pili ni 0.20 na alama −0.4. Zidisha kila kijenzi kwa alama yake, ujumlishe na wastani: 6.55 + 0.126 − 0.08 = 6.596. Ukirudisha kutoka logarithimu unapata shilingi 732 kwa kilo, kabla ya kurudishia mfumuko. Hiyo ni bei ya kati, yaani nusu ya uwezekano uko juu yake na nusu chini, si wastani.

Faida kubwa inakuja msimu ukiwa njiani. Ukishaona wiki 30, kokotoa alama upya zilingane na bei hizo, lakini weka adhabu, yaani gharama inayoongezeka alama zikienda mbali, inayozivuta kuelekea zile ulizotabiri. Bila adhabu, kwa wiki nne tu za mwanzo, vijenzi viwili hufanana mno kwenye kipande hicho kifupi na alama zinaruka ovyo. Wiki zinavyoongezeka, punguza adhabu.

Msimu wa zuio la kuuza mahindi nje, kama la 2017, upe uzito mdogo, usije ukapinda vijenzi vyote.

Kabla hujamkabidhi mtu utabiri, ficha misimu mitano ya mwisho, utabiri mmoja mmoja kwa kutumia iliyotangulia tu, na ulinganishe kosa lako na la kunakili mchirizo wa mwaka jana. Ukishindwa na nakala hiyo, rudi kwenye jedwali kwanza, kabla ya kugusa modeli.