Somo: Dodoso ambalo mama wa Mbuyuni atalielewa

Habari za Jumapili, wadau. Kuna vijana wanaelekea fildi mwezi ujao wameniomba somo la dodoso, yaani ile orodha ya maswali ya utafiti. Nitakwenda na mfano mmoja tu: utafiti wa mikopo midogo kwa wanawake wanaouza ndizi na mitumba hapa Moshi, soko la Mbuyuni na Memorial.

Hatua ya 1: Chora majedwali kabla ya kuandika maswali

Chukua karatasi, chora majedwali utakayoyaweka kwenye ripoti, yakiwa matupu. Kiasi cha mkopo kwa chanzo chake. Matumizi ya mkopo. Idadi ya marejesho yaliyochelewa. Kisha andika maswali ya kuyajaza hayo, basi. Swali lisilo na jedwali lifute, hata kama unalipenda. Watu wanaweka dini na kabila kwa mazoea tu, halafu kwenye uchambuzi hawagusi.

Hatua ya 2: Andika kwa Kiswahili tangu mwanzo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapoharibu. Pendekezo la utafiti linaandikwa kwa Kiingereza, dodoso nalo linafuata mkumbo, halafu usiku wa kuamkia fildi ndipo mtu anatafsiri. Wengine hawatafsiri kabisa, kila mkusanya data anajitafsiria mdomoni. Una vijana watano, una madodoso matano.

Tazama swali hili: "Hujawahi kuchelewesha rejesho?" Mama anajibu "Ndiyo", akimaanisha ndiyo, sijawahi. Kijana anatiki "Ndiyo" na kompyuta inasoma kwamba amewahi. Mtu mwaminifu kageuzwa msumbufu. Uliza "Umewahi kuchelewesha rejesho?" na yaishe.

La pili lilinikuta mwenyewe. Nimekaa kwenye kreti Mbuyuni, mama ana mikungu ya mshare mbele yake, anapanga huku ananijibu. "Miezi 12 iliyopita umechukua mkopo wowote?" Akasema, "Hapana mwanangu, mikopo naiogopa." Nikatiki hapana, nikaruka ukurasa mzima wa mikopo kama maelekezo yalivyosema. Nafunga faili, jirani yake akapaza sauti: "Mama, leo marejesho, usije ukasahau!" Marejesho ya nini tena? "Aah, hiyo si mkopo, ni hela ya kikundi." Kumbe alichukua laki tatu. Kwake mkopo ni wa benki, au ule wa kausha damu unaokuja kuondoka na televisheni. Na siku hiyo nilikuwa nimeshahoji watu kumi na mmoja kwa swali lile lile. Sikulala.

Tangu hapo sitegemei neno "mkopo" peke yake. Nataja chanzo kimoja kimoja, anajibu ndiyo au hapana: kikundi au vikoba, benki, kampuni za mikopo, mkopo wa simu, zile asilimia 10 za halmashauri, ndugu au rafiki, mali kauli. Hiyo ya mwisho msiiache. Anayepewa belo la mitumba alipe akishauza amekopa, ila hatakwambia amekopa.

Halafu kuna saa. Wengi sasa mnatumia simu, programu kama KoboToolbox. Mama anasema anafungua saa 12, kijana anaandika 12:00, na ripoti inasema wauza ndizi wanaanza kazi adhuhuri! Weka majibu ya kuchagua yaliyoandikwa "saa 12 asubuhi", "saa 1 asubuhi", na kuendelea.

Hatua ya 3: Swali moja, jambo moja

"Unaridhika na usafi na ulinzi wa soko?" Usafi mzuri, walinzi wanalala. Ajibu nini? Gawa maswali mawili.

Hatua ya 4: Majibu ya kuchagua

Makundi ya fedha yasigongane. Ukiweka 0–50,000 na 50,000–100,000, mwenye elfu hamsini kamili umemweka wapi?

Kuhusu vile viwango vitano vya kukubali na kutokubali, alivileta Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932, na kwenye karatasi anayoisoma mhojiwa mwenyewe havina tatizo. Ukivisoma kwa sauti sokoni, ukifika cha tano cha kwanza kimeshasahaulika, na wengi watasema "nakubali" ili wasikuudhi mgeni. Mimi navunja mara mbili: unakubali au hukubali? Akijibu, nauliza: sana au kiasi?

Hatua ya 5: Mpangilio

Anza na biashara yake, anauza nini na tangu lini. Madeni yaje baadaye, mkishazoeana. Utangulizi uwe mfupi: wewe nani, wa chuo gani, dakika ngapi, na kwamba ana haki ya kukataa au kuishia njiani. Sema wazi kwamba hutoki TRA, watu wa kodi. Majina na namba za simu zisikae karatasi moja na madeni. Mpe kila mhojiwa namba ya kutumia badala ya jina. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, isomeni.

Hatua ya 6: Lijaribu

Watu kumi hadi kumi na watano, soko lisilo kwenye sampuli yako, yaani lile ambalo hutahoji watu wake kwenye utafiti wenyewe. Kwa mfano wetu, Kiboriloni panafaa. Kila baada ya swali gumu muulize: "Hapo umenielewaje?" Pima na muda. Likizidi dakika 20, mteja atakuja na mhojiwa umempoteza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanafunzi, Moshi: Shikamoo mwalimu. Soko langu lina wafanyabiashara 1,200. Nihoji wangapi?

Marahaba. Kwa kanuni ya Yamane ya kupata idadi ya wahojiwa, ukikubali kosa la asilimia 5 (0.05 × 0.05 = 0.0025): 1,200 ÷ (1 + 1,200 × 0.0025) = 300. Lakini kanuni inakupa idadi tu. Ukiwachukua wote 300 pale getini, wa ndani hujawasikia. Omba orodha kwa uongozi wa soko, chagua wa kuanzia kwa kura kati ya wanne wa kwanza, kisha ruka kila wa nne.

Mdau wa Arusha: Kaka, mimi nahoji akina mama wa Kimaasai wanaouza shanga, wengine Kiswahili kinawapa shida. Nifanyeje?

Tafuta mtu atafsiri dodoso kwa Kimaasai. Mwingine, ambaye hajaona la kwanza, alirudishe kwenye Kiswahili. Linganisha. Panapopishana ndipo pa kurekebisha, na wote watatu mkae pamoja.

Mwanafunzi mwingine: Msimamizi wangu anataka dodoso la Kiingereza kwenye kiambatisho.

Mwekee, ila weka na la Kiswahili, na uandike kwamba hilo ndilo lililotumika fildi.

Dada wa Pasua: Kwa nini tusirushe tu linki ya dodoso kwenye magrupu ya WhatsApp? Nauli imepanda.

Dada yangu, yule mama wa mshare simu yake ni kitochi.